Siku Tulipompigia Mwenyekiti Kura kwa Nyanya

Nyanya ndiyo iliyonifukuzisha klabu ya roboti. Nyanya moja, mbichi, saizi ya ndimu. Na mashine iliyoniumbua niliiunda mwenyewe.

Kaeni vizuri, mkasa wenyewe huu hapa.

Naitwa Tabitha, wa Mponde. Wazazi wangu walitoka Mbeya kuja kuchuma chai, wakabaki. Kila Jumamosi nilikuwa napanda gari kwenda Lushoto mjini, kwenye klabu yetu ya roboti ya wanafunzi. Tulianza wachache kwenye stoo. Mwaka jana wakamiminika wengine kutoka Mlola, Bumbuli, mpaka Mazinde kule chini. Tukahamia ukumbini, na bado viti havikutosha.

Mwenyekiti alikuwa Latifa, kidato cha nne. Mbele ya wageni, mpole kabisa, shikamoo anaitoa huku amepiga goti. Wageni wakiondoka, utajuta kuzaliwa.

Mwanaidi wa Mlola aliunguza mota. Mtoto mgeni, hajafundishwa kitu. Latifa akaifunga ile mota kwa kamba, akamvika shingoni, akamwambia aje nayo kila kikao.

"Ukiulizwa hiyo ni nini, sema ni akili yangu."

Ukumbi ukacheka. Mwanaidi naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

Ila bombani, tukienda kunywa maji, ungesikia mengine. Huyu dada ana roho mbaya. Huyu dada atatuua. Aliyeongoza kwa kumponda alikuwa Hashimu, makamu wake mwenyewe.

Mlezi wetu, Madam Klara, akaona klabu imekua. Akasema wanachama wapige kura ya siri kama bado wanamtaka mwenyekiti. Nilidhani Latifa atabisha. Wapi.

"Sawa, Madam. Tutumie mashine ya Tabitha. Mashine haina shangazi humu ndani."

Mashine yangu ilikuwa ya kuchambua nyanya za wakulima. Nyanya zinashuka mojamoja kwenye mfereji wa bati, kamera inatazama rangi, mkono unasukuma. Mbivu kulia, mbichi kushoto. Watu watano walikuwa waende nayo mashindanoni Dodoma, na mwenyekiti ndiye wa kuwateua. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kusimama Dodoma kando ya kile kimashine na kusema, hiki nimekiunda mimi.

Basi kila mtu akapewa nyanya mbili, mbivu na mbichi. Unapita nyuma ya ubao, unatumbukiza moja kwenye ndoo. Mbivu, Latifa abaki. Mbichi, aondoke. Inayobaki unaitia mfuko wa sweta.

Hiyo ya mfukoni hakuna aliyeiwazia. Wala mimi niliyejiita fundi.

Kwenye foleni Hashimu akaninong'oneza, "Leo tunamtoa. Usituangushe."

Mwanaidi, mota shingoni, akanishika mkono. "Dada, tuko wote."

Nikatumbukiza mbichi, roho kwatu.

Mashine ikawashwa. Mbivu, kulia. Mbivu, kulia. Mbivu tena. Nikajua kamera imekufa. Nikainuka mbele za watu, nikafuta lenzi kwa mkono wa sweta.

Ikashuka mbichi. Mkono ukaisukuma kushoto bila shida yoyote. Kisha mbivu tupu mpaka ndoo ikaisha.

Mashine ilikuwa nzima. Watu ndio waliouza mechi.

Madam Klara akampongeza Latifa, akatoka nje kupokea simu. Latifa akasubiri mlango ufungwe.

"Wapendwa, kila mtu atoe nyanya iliyobaki. Aiweke kiganjani."

Mikono ikanyooka ukumbi mzima, kila kiganja na mbichi yake. Yangu nilikuwa nimeibana kwa wasiwasi mpaka ikapasuka mfukoni. Sweta lilikuwa limelowa wekundu, hata haja ya kuitoa haikuwepo.

"Kumbe fundi wetu," Latifa akasema.

"Hashimu, si tulikubaliana?" nikauliza.

Hashimu akatazama nyanya yake. "Mimi na wewe? Tulikubaliana nini?"

Nikamgeukia Mwanaidi. Hakunitazama. "Alinishawishi, mwenyekiti. Nikamkatalia."

Latifa akamvua ile mota palepale, akampangusa shingo kama mama. Kisha akanigeukia.

"Mashine ni mali ya klabu, inabaki. Wewe nenda."

Walinizomea mpaka getini. Nililia garini mpaka Soni, konda akakataa hata nauli yangu.

Baada ya wiki mbili Mwanaidi akanipigia kwa simu ya baba yake.

"Dada, kabla ya kura Latifa aliniita pembeni. Akasema jina langu lipo kwenye orodha ya Dodoma, nisimwambie mtu."

"Hongera."

"Leo amesoma majina. Langu halimo. Wanakwenda yeye na rafiki zake wanne wa bweni."

"Na Hashimu?"

"Naye aliahidiwa. Kila mtu aliitwa pembeni, dada. Kila mtu alijua ni yeye atakayekwenda. Tumekuja kuambizana njiani."

Mimi peke yangu sikuahidiwa kitu, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyepiga kura.

"Majina yaliposomwa, mlifanyaje?"

"Tulipiga makofi."

Kisha akaongeza kwa haraka, "Rudi bwana, dada. Tunataka kumtoa. Safari hii kweli, Hashimu ndiye anatupanga."

Nikamkatia simu.

Mashine ilikwenda Dodoma. Kwenye picha Latifa ameiwekea mkono juu, anatabasamu. Bado roho inaniuma, sitadanganya.

Funzo langu ni fupi. Watu wakikusanyika kumsema kiongozi vibaya, usikimbilie kuwahesabu kwamba ni wengi. Muulize kila mmoja peke yake ameahidiwa nini. Akikwambia hajaahidiwa kitu, usimwamini.