Mama Vichupa na Sampuli ya Kaka Yake

Simu ya wifi yake ilimkuta Mama Vichupa akigawa sampuli kwenye trei, mikono imo ndani ya kabati la kioo, ikabidi mwenzake wa maabara amshikie simu sikioni. Wifi hakuzunguka. "Wifi yangu, mwenzangu ametutoka."

Mkono ulimruka. Aliumaliza mstari aliokuwa akiugawa, akaifunika trei, ndipo akavua glavu na kukaa chini.

Aliyefariki, Mungu amrehemu, alikuwa kaka yake mkubwa, dereva wa lori la masafa marefu. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu alikanyaga breki hata kuku akiwa bado anafikiria kuvuka. Jina la Mama Vichupa lilitoka kwake, kwa vile vichupa vya sampuli alivyoshinda navyo dada. "Mtu mzima na akili zako," alikuwa akimtania, "unashinda unanyonya mate ya watu kwa bomba."

Dada mtu alimweleza kwamba kirusi cha korona, kadiri kinavyopita mtu hadi mtu, hubadilika kidogo kidogo, na mashine yao ikisoma vinasaba vyake huonyesha kimepitia njia gani. Breki alielewa upesi kuliko wasomi wengi wa ukoo. Akasema ni kama tope la kwenye tairi: ukilitazama unajua lori limetoka barabara ipi.

Safari yake ya mwisho alipitia kwa dada yake, wakala sahani moja. Kesho yake dada akaanza kukohoa. Siku chache baadaye kaka akalazwa. Dada alipona na kurudi kazini. Kaka hakutoka wodini. Shangazi yao hakuuma maneno: anayeshinda na maradhi ndiye anayeyaleta nyumbani. Mama yao hakusema kitu, na kimya hicho ndicho kilichomkosesha dada usingizi.

Sasa sampuli zao wote wawili, zilizochukuliwa walipougua, zilikuwa kwenye trei ileile. Alijua mkono wake umeruka, na alijua trei ya namna hiyo humwagwa, maana sampuli moja huenda imeingia kwenye nyingine. Lakini mazishi yalikuwa yanasubiri kibali tu, naye alitaka kujua kabla ya kusimama mbele ya mama. Akanyamaza, trei ikaingia mashineni. Alimwomba Mungu, "Nisiwe mimi," kisha akaona haya kuomba hivyo wakati kaka yake hajazikwa.

Kila trei yao huwa na kichupa cha maji matupu, cha kupimia usafi wa kazi. Maji hayatakiwi kuonyesha chochote. Safari hii yalionyesha kirusi, na kirusi chenyewe kilikuwa cha Mama Vichupa. Tone lilikuwa limeruka. Kama limefika kwenye maji, nani angejua halijafika kwa Breki?

Alimwendea mkuu wa maabara akamwambia ukweli. Mkuu alimtazama, akavua miwani. Sampuli ya kaka yake ilikuwa imebaki kidogo, ya kutosha mara moja tu. "Itarudiwa," mkuu alisema. "Ila mara hii wewe hugusi hata kitasa cha mlango."

Dada alikaa kwenye korido akikunja na kukunjua ncha ya mtandio mpaka uzi ukatoka. Mwenzake alipokuja, hakuanza na salamu. Maji yalikuwa safi. Kirusi cha dada kilikuwa cha aina iliyozagaa mjini. Cha Breki kilikuwa aina nyingine kabisa, iliyoonekana mara ya kwanza kwa madereva waliopimwa mpakani. Mkuu alikuwa tayari anapiga simu vituo vya kupimia madereva vya njia ile.

Makaburini familia ilisimama mbalimbali, barakoa usoni. Dada alimsogelea mama kadiri alivyoruhusiwa, akamwambia kwamba ugonjwa wa kaka ulitoka njiani, haukutoka kwake.

Mama akasema, "Kwa hiyo chakula kile mlikula salama."

"Tulikula salama, mama."

Shangazi alisikia, akainamisha kichwa.

Wanaume wanne waliovaa nguo nyeupe za kujikinga walilishusha jeneza kwa kamba. Hakuna aliyeruhusiwa kufunua uso. Sala ilikuwa fupi. Wifi alitupa udongo, kisha mama, kisha Mama Vichupa. Madereva watatu, malori yao yakiwa barabarani, walisimama nje ya uzio na kofia mkononi. Kaburi lilipojaa, watu walinawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa getini, wakarudi nyumbani.