Fundo la Bonifasi

Sixbert alipokea mizigo ya reli Manyoni miaka ishirini na miwili, mpaka siku yeye na wenzake walipopunguzwa kazini, wakaambiwa soko huria limefika. Kampuni moja ya mabasi ikamchukua akae kwenye ofisi yake ya vifurushi, maana kazi aliijua na mshahara hakubishania.

Zamani mtu alifunga mzigo wake mwenyewe kwa kamba yake. Sixbert akitazama fundo tu alijua kama limefungwa na mfugaji, mvuvi wa Kigoma, au mtu wa mjini aliyeazima mikono ya jirani. Sasa kamba zilikatwa, kila mzigo ukakazwa mkanda wa plastiki, yote ikafanana kama mabuyu sokoni. Hakuna aliyesikitika isipokuwa yeye.

Mwaka 2007 kampuni ikaleta roboti. Anuari, kijana wa kompyuta, alimwona mzee akichungulia nyuma ya meza.

"Mzee, usitafute mikono. Ni programu, imo humu ndani. Inapita orodha za ofisi zote, inalinganisha mzigo uliopotea na risiti yake. Ikishindwa inakuletea wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye jalala lake."

"Wewe ndiye bosi wake, mzee."

Jumatatu moja ikashindwa. Yasinta alikuwa ametoka Itigi, mjane wa miezi miwili. Mumewe Bonifasi, mlinzi huko Morogoro, alipozidiwa alituma sanduku nyumbani, kisha akalazwa, hakutoka. Risiti ilibaki kwenye shati, na shati likafuliwa. Kibandiko cha jina nacho kilikuwa kimebanduka njiani. Na masanduku yasiyo na mwenyewe yangepigwa mnada Ijumaa.

"Lina nini ndani, mwanangu?" Sixbert aliuliza.

"Sijui, baba. Ndiyo maana nalitaka."

Sixbert aliiagiza roboti imletee orodha ya masanduku yote ya bati yasiyo na jina yaliyotoka Morogoro mwezi ule Bonifasi alipotuma lake. Chai yake haijapoa, yakatokea tisa, yamelala katika ofisi nne. Enzi za reli hiyo ilikuwa kazi ya barua za wiki mbili. Alikiri moyoni, kwa shingo upande. Lakini uzito ulikaribiana, rangi zote kijani. Roboti ikaishia hapo.

"Marehemu alikuwa anafungaje mzigo?"

Yasinta alishika pindo la kanga yake akafunga bila kutazama: mizunguko miwili, ncha ikarudishwa ndani. "Kwao wanafunga ndama hivi, asijinyonge."

Sixbert akapiga simu ofisi moja baada ya nyingine. Mbili walimcheka. Ya tatu ilikuwa Dodoma, kwa Anselm, mpokea mizigo wa huko.

"Shikamoo, mzee Sixbert."

"Marahaba. Nina swali la kamba."

"Kamba tena? Unataka kujinyonga utuache na nani wa kutusumbua?"

"Mkikata kamba za masanduku mnazipeleka wapi?"

"Zangu zimo kwenye gunia, nawafungia mbuzi. Moja tu fundo lake lilinishinda, likanitoa kucha, nikakata kando. Sanduku lenyewe nalikumbuka, nililipiga teke."

"Litafute hilo fundo. Ncha imekwenda wapi?"

Anselm akaenda kupekua gunia. Yasinta alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Imerudishwa ndani," Anselm alisema. "Mizunguko miwili. Nani huyu alifunga, mzee?"

"Mume wa mtu. Nipe namba ya sanduku."

Lilifika Alhamisi. Utaratibu ulitaka lifunguliwe kaunta, vitu viandikwe kwenye kompyuta, ndipo mwenyewe aondoke nalo. Yasinta alilaza kiganja juu ya kifuniko. Nyuma yake wanaume wawili walisubiri betri ya gari, shingo ndefu.

"Hapa mbele za watu, baba?"

Sixbert aliwatazama wale wawili, akamtazama Yasinta. "Nenda nalo, mwanangu. Ukalifungue kwako."

Kompyuta ilikataa kufunga jalada. Kesho yake roboti ililiweka juu kabisa ya orodha: sanduku la bati, Itigi, halijakaguliwa. Keshokutwa vilevile. Anuari akapiga simu.

"Mzee, andika nguo tu, liishe."

"Sikuona nguo."

Roboti haichoki. Kila asubuhi inamuuliza, na kila asubuhi Sixbert anabonyeza "Bado", anavuta kiti, anaendelea na mizigo mingine.