Bii ya Tatu

Abdirizak ni muuguzi wa Habaswein, mzaliwa wa hapo hapo, na tangu aanze kusema Kiswahili herufi P haijawahi kumtoka mdomoni salama; kila mara hugeuka B, kama kwa Wasomali wenzake wengi. Chuoni Meru wenzake walimwita Bii, wakacheka mpaka wakachoka wenyewe. Hakukasirika. Mgonjwa hatibiwi kwa matamshi, aliwaambia.

Jumatatu moja asubuhi aliletwa Saynab, muuza maziwa ya ngamia. Alikuwa ameanguka sokoni mara mbili, na kila alipozinduka aliwafokea waliommwagia maji. Daktari Kathure, mgeni wa miezi mitatu kwenye kituo cha afya, akamfunga nyaya za mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo. Karatasi ikatoka: mapigo arobaini na mawili kwa dakika.

"Kuna pigo linaruka," Kathure akasema. "Ni kuruka kwa aina ya kwanza, hakuna neno. Apumzike, kisha aende nyumbani."

Abdirizak akaichukua ile karatasi. Huyu haamini hata jicho lake mwenyewe, sembuse la mwenzake. Akaweka ukingo wa karatasi nyingine chini ya mistari, akatia alama kwa kalamu: hapa kilima kidogo kiitwacho P, moyo unapoamshwa, hapa mlima mrefu unaokifuata, moyo unaposukuma damu. Katika aina ya kwanza, nafasi kati ya kilima na mlima hurefuka, hurefuka, mpaka mlima mmoja ukakosekana. Hapa haikurefuka hata unywele. Sawa, sawa, halafu ghafla kilima kitupu. Hiyo ilikuwa aina ya pili, na moyo wa namna hiyo huweza kusimama bila kupiga hodi.

"Daktari, angalia bii," akasema. "Bii, bii, halafu hakuna kitu."

"BP, presha? Si nimeipima sasa hivi? Iko sawa."

"Si bii-bii! Bii moja moja!"

"BP moja moja ndiyo nini?"

Kitandani, Saynab akauliza kwa Kisomali hawa wawili wanagombania nini. Jasho likimtoka, Abdirizak akaandika juu ya mistari P tatu kubwa kubwa, na chini ya ile ya mwisho akachora duara tupu.

"Bii ya kwanza iko na mtu wake. Bii ya bili iko na mtu wake, nafasi ni ile ile. Bii ya tatu iko beke yake!"

Kathure akapima kwa ukingo ule ule. Akapima tena. Uso ukambadilika.

"Na mimi nilikuwa namrudisha nyumbani," akasema, akatoka mbio kumwita dereva wa ambulensi.

Saynab akagoma. Hospitali ya Garissa aende, na maziwa yake je?

"Eeddo," Abdirizak akamwambia kwa heshima ya shangazi, "nitayauza mimi."

Akayauza kweli. Zamu ilipokwisha alikaa sokoni katikati ya wanawake, wakimcheka anavyomwaga nje ya kikombe. Alasiri simu ikalia. Daktari wa Garissa.

"Moyo wake umesimama sekunde nane, lakini tulikuwa tumeshamtia waya wa kuusukuma, ukarudi. Angekuwa nyumbani, mngekuwa mnamzika."

Abdirizak akaketi juu ya dumu, akalia waziwazi kwa furaha. Wanawake wakaacha kucheka, wakamzunguka, wakamwuliza ni nani aliyekufa.

"Hakuna," akawajibu, akijifuta macho. "Leo hakuna aliyekufa."