Mkebe Uliorudi Mtupu

Miaka ile ya baada ya uhuru, kwetu Othaya, mtoto mnene alikuwa sifa ya nyumba. Nyanya yangu aliyenilea, cucu wangu, alinivuta mashavu mbele ya wageni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Shuleni mashavu hayo hayo yaliniponza. Waliniita Tingatinga, na nikipita darasani walinguruma mpaka niketi. Aliyenguruma kuliko wote alikuwa msichana mmoja mwembamba, nami nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nikaamua kukonda. Uji wa asubuhi nilimpa mbwa wetu, naye akanenepa. Githeri ya mchana, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, cucu alinifungia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kumwaga chakula kizuri sikuthubutu, kwa hiyo niliuacha mkebe chini ya dawati, nikaenda kukaa nyuma ya vyoo. Nikirudi nilikuta mtupu. Sikuuliza nani anakula. Cucu naye, akiona mkebe umelambwa hivyo, alifurahi na kesho yake akashindilia zaidi.

Asubuhi moja ya baridi tulikuwa paredi. Niliona bendera inazunguka, nikaanguka. Wengine walicheka, na kuna mjinga aliyenguruma. Mwalimu akauliza ninaumwa wapi. Nikasikia sauti niliyoijua vizuri.

"Mwalimu, huyu haumwi. Ni njaa. Chakula yake ni mimi hukula."

Kicheko kikakatika. Yule msichana mwembamba alikuwa amesimama mbele ya shule nzima akiangalia miguu yake. Sasa kila mtu alijua kwamba kwao hakukuwa na cha kufunga mkebeni. Angenyamaza, nani angemshuku? Chuki yangu iliisha palepale, nikamwonea uchungu hata nikasahau kwamba mimi ndiye niliyelala mavumbini.

Jioni nilimweleza cucu yote. Nilidhani atanichapa. Alininywesha uji na kunisugua mgongo. Asubuhi akashindilia mkebe uleule, akatia vijiko viwili.

Mchana tuliketi pamoja nyuma ya darasa, mkebe katikati. Msichana hakugusa kijiko chake.

"Kula wewe kwanza," akasema. "Ati ukianguka tena, mimi nitaambia cucu wako nini?"

Nikala. Alinitazama mdomo mpaka nikameza, ndipo naye akaanza kula.