Siku Susu Alipomwona Tembo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kwangu jua lake halijatua hadi leo. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa Industrial Area, nikiishi mtaa wa Mbotela na wazazi wangu pamoja na nyanya, ambaye sisi Wakamba humwita Susu. Marehemu babu alikuwa mchonga vinyago. Yeye alichonga tembo, naye Susu akiwapiga msasa pale mlangoni mpaka wang'ae. Alizeeka katika kazi hiyo, lakini tembo mwenyewe hakuwahi kumwona.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alitangaza kwamba anataka kwenda mbuga ya Tsavo amwone tembo kabla giza halijamfunika. Baba alikataa katakata.

"Mama, safari hiyo itakumaliza. Mtembezi hula miguu yake."

Nami, kwa ujuaji wa ujana, nikadakia, "Susu, tembo si umewashika maisha yako yote? Unatafuta nini tena?"

Akanigeukia taratibu. "Nimeshika mti, mjukuu wangu. Mti tu."

Neno hilo likanigeuza. Niliomba ruhusa kazini, nikampeleka Mtito Andei kwa binamu yangu Mutua, aliyekuwa na pikapu. Asubuhi akatuingiza mbugani. Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Vumbi lilimkohoza Susu hadi nikaogopa kwamba Baba alisema kweli. Nikamwambia turudi.

"Ngoja," akasema. Alikuwa amesikia matawi yakivunjika.

Wakatoka vichakani, wekundu kwa udongo wa Tsavo, wakubwa kupita kiasi, na bado hatua zao hazikuwa na kishindo. Jike mmoja akasimama karibu nasi hata nikasikia pumzi zake. Mutua alikuwa amezima injini.

Susu aliegemea dirisha, machozi yakimtiririka. "Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe ngozi yake ina mikunjo kama yangu! Na mimi miaka yote nawalainisha!"

Akacheka huku analia. Mimi nilijikuta nimevua kofia, na sikujua nimeivua lini.

Macho yake yalizimika baadaye, kama alivyohofia. Lakini watoto wa mtaa walipomzunguka aliwasimulia siku ile, na uso wake ukachangamka kama wa msichana.

Mwanangu, simu yako inakuonyesha dunia nzima ukiwa umelala kitandani. Si vibaya. Ila kusikia si kuona, na kuona kwa mbali si kusimama mbele ya kitu. Mtu huacha chai yake mezani akaenda kula vumbi kwa kuwa moyo una kiu ya kukutana na kilicho kikubwa kuliko yeye, ajione mdogo, na udogo huo umfurahishe. Kwa hiyo tembea uone. Usingoje uzee. Na ukimsikia mzee akitamani kwenda mahali, usimcheke. Mshike mkono, mwende.

Mungu akufungulie njia, akuepushe na ajali, akupe wenyeji wema huko uendako, na akurudishe kwenu salama, moyo wako umepanuka. Amina.