Klachi Niliyosema Ni Sawa

Nakumbuka Jumatano moja ya soko la Taveta, mwanangu, na wala siikumbuki kwa kupenda. Umenikumbusha wewe, ulipokuja asubuhi na hiyo simu yako kunionyesha picha za klachi, hii ya shaba, hii ya springi kali, ukaniuliza ipi itafaa pikapu yako sasa kwa kuwa umeiongezea injini nguvu. Nilikwambia ungoje ninywe chai. Chai imeisha. Keti basi, unisogezee na hicho kigoda niweke mguu, maana hadithi yenyewe inaanzia hapa kwenye goti la kushoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Marehemu baba yako alikuwa na pikapu ya dizeli, nyeupe kwa jina tu, kwa sababu barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta wakati huo ilikuwa changarawe na vumbi mwanzo mwisho. Injini yake ya kwanza ilipochoka, akatia nyingine kubwa yenye turbo. Ee, jinsi alivyoipenda ile injini! Alikuwa akiwaita majirani waje kuisikiliza. Lakini klachi ilibaki ile ile ya zamani, na haikuiweza. Tukipanda kilima cha nyumbani Ronge na mzigo, injini inanguruma, gari haliendi, na ndani kunanuka kama kitu kinaungua. Pleti ya klachi ilikuwa inateleza, nguvu yote inapotelea hapo kabla ya kufika kwenye magurudumu.

Dereva wa siku za soko nilikuwa mimi. Babu yako, baba yangu, aliendesha malori maisha yake yote, na alinifundisha gari nikiwa msichana, kaka zangu wakinuna. Baba yako alikuwa mtu wa shamba na nyanya zake. Usukani aliushika Jumapili, kwenda Voi na kurudi, barabara ikiwa tupu. Mimi nilikuwa napeleka nyanya na kurudi na ndizi za Taveta. Siku zile mwanamke kwenye usukani alikuwa kitu cha kutazamwa. Nikipita Mwatate wengine walinipungia mkono, wengine walisimama wakingoja nikosee. Niliwajua wote kwa sura.

Basi tukaipeleka pikapu Voi, kwa fundi Athmani. Alikuwa mtu wa ukoo wa pwani, mpole, kofia yake safi hata mikono ikijaa grisi. Akatuwekea klachi mbili juu ya meza.

“Hii yashika vikali,” akasema. “Vipande vyake vya shaba, springi zake ngumu. Haitateleza hata mkipakia nyumba. Lakini mguu utajua. Na hii ya pili ni pana, ya lori dogo, yashika polepole. Hiyo yataka flaiwili ikachongwe Mombasa, kwa hivyo mtangoja.”

Flaiwili ni lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hulikumbatia. Wewe unalijua, naeleza tu mkeo akija kusikia hadithi hii naye aelewe. Baba yako hakutaka kungoja. Nyanya zilikuwa zinaiva. Athmani akauliza, “Gari laendeshwa na nani zaidi?” Baba yako akajibu, “Ni letu sote,” na hakuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nikacheka tu pamoja nao.

Ilipokwisha kufungwa ile kali, Athmani akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ikazima papo hapo. Hivyo ndivyo mafundi wanavyopima: klachi ikiteleza injini huendelea kunguruma, ikishika huzima. Vijana wa gereji wakapiga makofi. Baba yako alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Athmani hakupiga makofi, akaniita.

“Haya mama, ingia ukanyage. Sema kweli, maana mguu ni wako.”

Nikaingia, nikakanyaga. Nilihisi kama nasukuma ukuta. Paja lilitetemeka nikalificha kwa leso niliyojifunga. Nikainua macho nikaona gereji nzima inanitazama, vijana wale na wateja waliokuja na mambo yao, na baba yako katikati anatabasamu.

“Sawa,” nikasema. “Iko sawa kabisa.”

Nimechoka na neno hilo, mwanangu. Nimelisema mara nyingi maishani, lakini lile la siku ile ndilo lililonigharimu.

Kwenye barabara tupu klachi ile ilikuwa nzuri, nisiisingizie. Kilima cha Ronge tulikipanda na mzigo kamili, bila harufu wala kelele, na Jumapili baba yako alirudi kutoka Voi akiisifu. Lakini yeye aliijua klachi ikishaachiwa, mimi niliijua inapokanyagwa. Soko la Taveta unalijua lilivyo. Mbuzi anapita, mkokoteni unapita, akina mama wanavuka mpaka kutoka Holili na mizigo kichwani, na wewe unasogea hatua mbili unasimama, unasogea hatua mbili unasimama. Kila ukisimama unakanyaga. Na ukitaka kuondoka taratibu haikubali, inashika yote kwa mara moja, gari linaruka.

Jioni nilikuwa nashuka kwenye gari nikishikilia mlango. Goti likavimba. Nilijipaka dawa jikoni peke yangu, na baba yako aliponiuliza nilisema nimepiga magoti sana shambani. Kwa nini sikumwambia? Niliogopa angesema, basi usukani niachie mimi. Hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Nilimsemea mimi, kichwani mwangu, halafu nikamkasirikia kwa maneno ambayo hakuyatamka.

Jumatano hiyo babu yako alitaka lifti, aende Taveta kumsalimia rafiki yake. Aliketi pembeni yangu. Tulipoingia sokoni watu walikuwa wamejaa. Mbele yetu, karibu kabisa, alikuwa mama mmoja wa Holili ameinama anapanga mikungu yake ya ndizi chini. Nikakanyaga klachi, gia ikiwa ndani, nimngoje amalize. Nikangoja. Goti likaanza kuungua, halafu likafa ganzi, halafu nikaona kwa macho yangu mguu wangu unateleza kutoka kwenye pedali na sina la kuufanya.

Pikapu iliruka. Babu yako alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likatikisika likazima. Nilisikia ndizi zikipasuka chini ya gari na watu wakipiga kelele. Niliposhuka, mguu haukunishika, nikaanguka hapo kando ya mlango. Yule mama alikuwa ameketi chini, mzima, na gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga ncha ya leso yake. Alijaribu kuivuta ikakataa. Akanitazama, na badala ya kunitukana akasema, “Dada, una nini?” Nikalia, mwanangu. Nililia mbele ya soko zima, mimi niliyekuwa sitaki watu wa Mwatate wanione nimekosea.

Babu yako aliwatuliza watu, akamwinua yule mama, na ndizi zake tukazinunua zote, nzima na zilizopondeka. Kisha akaingia upande wa dereva, akakanyaga ile pedali. Akakanyaga tena.

“Mumeo anajua iko hivi?”

“Hajui, baba.”

“Fundi hakukuuliza?”

“Aliniuliza. Nikasema iko sawa.”

Hakupaza sauti. Heri angepaza. “Mimi nilikufundisha gari,” alisema, “sikukufundisha kunyamaza. Yule mama ana watoto, Wakesho. Leo wangeambiwa mama yao amekufa kwa sababu wewe uliona haya mbele ya vijana wa gereji. Sasa, mimi sitafungua mdomo. Utamwambia mumeo mwenyewe, leo.”

Tulirudi polepole, babu yako akiendesha, tukipumzika Maktau, tukipumzika Bura, mpaka nyumbani.

Nikamwambia baba yako, yote. Alitoka nje akaingia kwenye pikapu, injini ikiwa imezimwa, akawa anakanyaga ile klachi na kuachia, anakanyaga na kuachia, nami nikimtazama kutoka mlangoni. Alirudi akijikanda paja. Akauliza kitu kimoja tu, “Mbona uliniambia ni sawa?” Nikageuka kushughulika na sufuria, na jibu lake mpaka amekufa sikumpa.

Tukarudi kwa Athmani kuomba ile pana. Tulingoja flaiwili irudi Mombasa, na nyanya nyingine zikaoza tukiziangalia. Ilipofungwa ilishika vizuri, kilima tukapanda, na mguu wangu ukaimudu. Lakini goti halikurudi kama zamani. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuzungumza tena habari ile. Alichofanya ni kunisogezea kigoda kila nilipoketi, bila kuombwa, miaka yote. Ni hicho hicho ulichonisogezea sasa hivi.

Kwa hiyo nikushauri nini? Kwanza, usichague klachi kwa kusikiliza injini. Angalia mzigo unaobeba kweli na kilima unachopanda kweli, uchukue inayotosha na ziada kidogo. Hiyo ya shaba ni ya watu wa mashindano, wanaoondoka mara moja na kufika. Wewe unaenda sokoni. Ukipata pleti pana isiyohitaji springi za kuvunja mguu, chukua hiyo, na kama ni ya kungoja, ngoja.

Lakini hilo ni dogo, hata fundi atakwambia. Kubwa ni kwamba pikapu hiyo anaiendesha mkeo kuliko wewe. Usimwulize pale gereji, mbele ya mafundi. Atasema sawa. Nenda naye Taveta siku ya soko, ukae pembeni kama alivyokaa babu yako, na mkirudi umtazame anavyoshuka. Halafu muulize mkiwa wawili. Akisema sawa, muulize tena, na umwonyeshe kwamba usukani hautamtoka kwa kusema kweli. Na yeye mlete kwangu kesho. Nina neno naye pia, kwa maana kosa la kunyamaza halikuwa la baba yako, lilikuwa langu, na sitaki yeye arithi kosa hilo.

Haya, nimesema mengi na jua limepanda. Nipe mkono niinuke. Mungu awape safari za kwenda na kurudi, mwanangu, kilima kiwapishe na mizigo yenu, na mkeo azeeke akishuka garini kwa miguu yake miwili, bila kushikilia mlango.