Talaka Mbele ya Kamera

Mpaka leo mtu akiniambia "ni mchezo tu, bwana," damu inanichemka. Wazungu wa filamu walikuwa na neno hilo mdomoni kutwa kucha. Mwanamume mzima akigaagazwa matopeni ili aonekane mlevi, mchezo tu. Mzee akivuliwa kofia na kuzabwa kofi mbele ya wajukuu zake, mchezo tu. Mimi nilikuwa mpiga picha wao, wa zile picha zisizotembea, zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo kabla gari la sinema halijafika. Waliniajiri nitazame, nikatazama, na niliyoyaona hayajanitoka.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitler. Serikali ilitaka filamu ya kuwakanya watu ulevi, nasi tukaenda kuipiga Temeke, ambako siku zile nyumba zilikuwa chache na mikorosho mingi. Nilipanga chumba hukohuko. Chumba cha pili yake alikaa fundi cherehani na mkewe, watu wa Rufiji. Fundi alikuwa rafiki yangu, kijana mwenye umbo na sauti, na Bwana wa filamu alipomwona mara moja tu barazani akisukuma cherehani yake, akasema huyuhuyu ndiye mlevi wetu.

Tatizo likawa mke wa mlevi. Hakuna mwanamke wa heshima pale mtaani aliyekubali kushikwa mkono na mume wa mwenzake watu wakitazama. Fundi akaona njia ya heshima ni moja, amlete mkewe mwenyewe. Shemeji yangu yule, msukaji hodari wa ukili wa mikeka na mtu wa maneno machache, alikataa siku nzima. Mumewe akambembeleza, akakubali. Aibu ilikuwa imekwepwa, tulidhani.

Sasa sikiliza ujinga. Kwenye filamu, mlevi anarudi nyumbani, anamkuta mkewe anapeta mchele, anamwita kwa jina na kumwacha. Mke anageuka, ungo unamponyoka. Fundi akaita kwa jina la kwenye filamu. Mkewe akaendelea kupeta. Akaita tena, kimya. Atageukaje kwa jina la mtu mwingine? Bwana wa filamu akatupa kofia chini, akapiga kelele kwa Kiswahili chake kilichovunjika viungo:

"Wewe ita yeye jina yake ya kweli! Mimi nataka yeye geuka!"

Fundi akamwita mkewe kwa jina lake, lile alilofungishwa nalo ndoa, akasema, "Nimekuacha." Mke akageuka, ungo ukaanguka, ikawa nzuri sana, ila kunguru kwenye paa walipiga kelele wakaharibu sauti. Wakarudia. Jina lake lilelile, nimekuacha, na safari hii kunguru walitulia. Kisha Bwana akaita "Picha!" ambayo ndiyo amri yangu. Waigizaji hurudi mahali pao na kuganda mpaka nifyatue. Nikamwambia fundi aniwekee uso tu, asiseme kitu, maana mdomo ukicheza picha inaharibika. Akamtazama mkewe. Akataja jina lake, akasema polepole, "Nimekuacha," halafu ndipo akaganda. Nikadhani anautafuta uso wa mlevi. Nikafyatua.

Haikupita wiki, mjomba wa yule mwanamke akatokea kutoka Rufiji, ana fimbo mkononi na hasira mpaka puani. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ananipita. Habari ilikuwa imemfikia. Akasema ndoa na talaka hazina mzaha, ukishatamka umetamka, na fundi ametamka mara tatu, kwa jina, mbele ya umati. Mke si wake tena, na kumrudia hawezi mpaka aolewe na mwingine aachike. Fundi akalia kama mtoto. Mimi ni Mkristo wa bara, mambo yale sikuyajua, lakini nilijua nani alilazimisha lile jina. Nikapanda baiskeli kwenda kwa Bwana wa filamu. Nikamwomba aje aseme mbele ya wazee kwamba ni yeye aliyeamuru, na kipande kile akiondoe.

Alicheka! Akanipigapiga begani. "Ile ndiyo iko zuri kupita yote. Ambia wao mchezo tu." Akaendelea kunywa chai yake. Nilirudi Temeke natukana njia nzima, kwa lugha ya mama yangu, maana Kiswahili hakikunitosha.

Wakamwita shehe mmoja, mtu mpole mwenye elimu, wakaketi barazani juu ya mikeka. Mimi niliitwa shahidi, nimekuja na picha yangu. Shemeji alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mjomba akasema yake. Fundi akasema yake. Wazee wakasema, majirani wakasema, hata muuza kahawa aliyekuja kuuza akatoa rai yake. Nilieleza kunguru, jina, Mzungu na kofia yake. Shehe akaipokea picha, akaitazama, akairudisha.

"Mwenye kusimulia maneno ya mtu mwingine hafungwi nayo," akasema. "Huyu alikuwa akisema maneno ya mlevi wa kwenye hadithi. Aliambiwa aseme, akasema. Ndoa ipo."

Baraza likapumua. Fundi akaibusu mikono ya shehe. Mjomba akanuna, kahawa ikamiminwa, watu wakaanza kucheka. Nami nilicheka, nikiona tumemshinda yule Mzungu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mmemaliza? Maana mie sijaulizwa."

Shehe akamwambia aseme.

"Mara mbili za mwanzo aliambiwa aseme, ni kweli, nami sikujali. Lakini ile ya picha, shemeji yangu huyo mpiga picha alimwambia anyamaze. Ile kamera haina masikio. Mzungu hakutaka sauti. Hadithi ilikuwa imekwisha. Sasa yale maneno alikuwa anamwambia nani?"

Tulikuwa tumekaa pale tangu alasiri, wanaume wazima, tunamgawa mwanamke kama nyama ya mnada, mjomba huku na mume kule, na aliyekuwa na neno la maana tulimweka nyuma ya kitambaa. Nilimkasirikia mjomba, nikawakasirikia wazee, nikajikasirikia na mimi na picha yangu mkononi.

Shehe akamgeukia fundi, taratibu kabisa. "Mwanangu, ile ya mwisho ulikuwa ukiigiza?"

Nilimtazama rafiki yangu. Nikamsukuma kwa macho. Sema ndiyo! Sema ulikuwa unajikumbusha, ulikuwa unautafuta uso, sema lolote. Mtu huyu alikuwa ameweza kumwambia mkewe nimekuacha kwa sauti ya kujaza uwanja, Wazungu wakampigia makofi. Sasa alitakiwa neno moja dogo, mbele ya watu wanaompenda, na mkewe yupo hatua chache nyuma ya pazia anasubiri kulisikia.

Akatazama mkeka. Akaanza kuuchambua ukili kwa ukucha, ukili aliousuka mkewe. Tukangoja. Kahawa ikapoa.

Nyuma ya pazia tukasikia sanduku la bati linaburutwa kutoka uvunguni, na kifuniko chake kinafunguliwa.